Buti za Tuntufye

Jumatatu, 7 Machi 1994

Aliko wangu amepanda mlima wa theluji! Mpaka juu kabisa! Mtoto wa Bujonde, aliyejua tope la mpunga kabla ya kujua viatu — leo kafika kileleni huko Norwe. Barua imekuja kwa sanduku la kanisa, na picha ndani, waliyopiga kabla ya kuanza kupanda. Wako sita, wanafunzi watupu. Wazungu wanne, na wetu wawili, yeye na Tuntufye. Theluji kila mahali. Chini ya buti wamefunga viatu vingine, vipana kama ungo, ili wasizame. Nani mwingine Kyela kazaa wa namna hiyo? Nimeizungusha picha soko zima. Robota la mitumba hata sikulifungua.

Ukurasa wa nyuma nitausoma kesho.

Jumanne, 8 Machi

Uongo. Niliusoma jana ileile.

Tuntufye hakufika. Njiani soli ya buti yake ya kushoto iliachia. Theluji ikaingia, naye akanyamaza, hakutaka kuwachelewesha wenzake. Walipomvua, vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Hospitali wamekata viwili. Aliko anasema: mama, mwendee mama yake, umweleze taratibu.

Nimepika maharage. Nimewamwagia kuku.

Alhamisi, 10 Machi

Buti nilitoa mimi. Walipokaribia kusafiri, robota moja lilitoka na jozi mbili za buti za baridi — na joto hili la Kyela, nani wa kuzivaa! Nikasema Mungu kawaona watoto wetu. Na miguu yao wote namba tisa. Jozi moja nzima. Ya pili soli imepasuka, nikaibandika kwa gundi ya baiskeli. Ikakaa, huwezi kujua.

Mama Tuntufye akauliza, dada, zote sawa? Nikamwambia sawa kabisa, kama mapacha. Akanipa chungu kikubwa, kakifinyanga mwenyewe kule Matema. Ndicho ninachopikia maharage.

Jumamosi, 12 Machi

Kaja sokoni na vyungu vyake. Hajui kusoma. Nisomee, Mama Aliko! Nikasoma ukurasa wa mbele, kwa sauti, kama mchungaji.

— Na wangu kafika juu?

— Wamefika wote.

Akapiga vigelegele katikati ya soko! Akaishika picha: "Ona buti za mwanangu zinavyong'aa! Ndaga fijo, asante sana, dada. Bila wewe angepanda na ndala." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka!

Jioni Baba Aliko alikuwa anaanua kakao. Barua kaisoma yote. Hakuinua kichwa. "Wamefika wote, eeh? Na vidole vimefika?"

Ya gundi hajui.

Jumapili, 13 Machi

Kanisani nimeamua. Keshokutwa naenda Matema, namwambia yote, hata ya gundi.

Jumanne, 15 Machi

Mto umejaa, magari hayaendi. Nikamshukuru Mungu kwa mvua. Mungu, nisamehe.

Mchana kapita Zebedayo wa samaki, kaja kwa mtumbwi. Nikupeleke kesho, Mama Aliko? Nikasema naogopa maji. Mimi! Niliyezaliwa ufukweni, nikaogelea kabla sijasimama! Akacheka mpaka samaki wakamwanguka.

Kaniletea ujumbe wa Mama Tuntufye. Anachoma vyungu viwili vipya, kimoja changu, kingine cha kuwatumia watoto Norwe. Analeta kwaya. Analeta shemeji zake wa Ngonga na wajomba wa Karonga, ng'ambo ya mpaka. Shukrani ifanyike hapa hapa kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyewavisha watoto. Na nisijichoshe kusoma, kasema, koo langu lipumzike: kamwomba mwalimu Eliud aisome barua mbele ya watu. Yote, asiruke neno.

Nimeificha chini ya godoro. Nimeitoa. Nimeirudisha.

Ni Jumapili hii, tarehe ishirini, ibada ikiisha. Wanakuja wote.