Kikohozi cha Kresensia

Mama,

Kesho Kresensia anaweka nadhiri za daima, na mimi ndiye nitakayemkabidhi. Umesikia? Mimi. Baba mkubwa amesema kwamba wewe ndiwe uliyemlea tangu mama mdogo, mama yake mzazi, alipofariki kule Mwazye, na kwa kuwa hupo, binti yako wa kwanza asimame mahali pako. Niliitikia kwa heshima. Tangu hapo natafuta pa kuanzia.

Habari za nyumbani kwanza, maana ungeuliza. Bati la jikoni tumebadilisha. Shamba la Mpui mahindi yamekubali, ulezi hivyo hivyo. Jumuiya ikija kusali kwetu, kiti chako hakuna anayekikalia. Na kile kitenge cha bluu ulichonunua nilipoingia utawani, ukasema utakivaa siku ya nadhiri zangu, bado kimo sandukuni. Masista waliponirudisha kwa sababu ya pumu, ulikifunga tena kwenye karatasi yake.

Miaka miwili baadaye Kresensia akaingia konventi ileile. Nilipiga vigelegele kuliko wote. Vya mdomo tu, Mama. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa mdogo wangu.

Tulipokwisha kukuzika, alikuja sista mmoja kuulizia habari zake kabla hawajamkubalia nadhiri hizi. Nilimpa chai. Nikamsifu Kresensia: mpole, mchapakazi, mtu wa sala. Halafu nikaongeza taratibu, huku nakoroga sukari, kwamba wakati wa baridi hukohoa sana. Nilijua neno gani linafunga mlango ule, maana lilinifungia mimi. Wala halikuwa uongo. Alikohoa kweli, alipokuwa darasa la pili.

Sista alipoondoka niliona raha. Haikufika jioni.

Nikaanza kusali: Bwana, niondolee wivu huu. Kila asubuhi nikawa najipima. Namwaza na shela lake, nasikiliza kama bado panauma. Panauma. Ndipo nikakumbuka ule mwaka nilipofumua matuta yako ya mviringo kabla ya wakati, nikakuta majani uliyoyafukia yaoze bado mabichi, yananuka. Ulinicheka: "Wewe Oliva, ukifukia, fukia. Usichungulie kila siku." Basi nikaacha kuchungulia. Nikaacha kujiombea mimi, nikamwombea yeye kwa jina lake: kifua chake, miguu yake, sala zake. Siku za mwanzo nilisali meno yamekazana. Siku nyingine nilishikwa na hasira nikaiweka rozari chini katikati ya fumbo.

Wiki ya tatu nikampigia sista simu. Nikamwambia kwamba yale niliyasema kwa wivu, kikohozi kiliisha utotoni. Akasema asante, akakata.

Wamemkubali. Lakini Kresensia hajui lolote, Mama. Amekuja kutuaga, sasa hivi yuko jikoni anapika, nami niko chumbani kwako na kitenge chako mapajani. Kesho nitamshika mkono mbele ya Askofu kwa mkono uleule uliotaka kumvuta nyuma. Nikimwambia leo, je, si nitamharibia siku yake? Nikinyamaza, nitakuwa nimemkabidhi au nimemdanganya? Na asiponisamehe? Wewe ungejua la kufanya. Mimi nazunguka tu chumbani, nakaa, nasimama.

Amekohoa.

Nimeruka, Mama, kalamu imeanguka. Nimekimbilia dirishani. Ni moshi tu, kuni mbichi. Anafuta macho kwa ncha ya kanga na anacheka peke yake. Mwaka jana kikohozi kile kingenipa matumaini. Leo kimenitia hofu, na nimejikuta nasema, Bwana, usimguse kifua, kabla sijajua kwamba nasali.

Sijui kama wivu umekwisha. Sitafukua kuangalia. Najua tu kwamba nimeogopa kwa ajili yake, na kwamba siwezi kumsubirisha mpaka kesho.

Kwa hiyo nakuahidi. Chakula hakitaiva kabla sijamwambia, chote, na sukari niliyokuwa nakoroga. Akinisamehe, kesho nitavaa kitenge chako. Asiponisamehe, nitakivaa vilevile, nitamfikisha altareni, na nitamwachia mkono.

Pumzika, Mama. Utuombee sote wawili, ila leo anza na mimi. Nilitaka kumwita huku chumbani tuzungumze, kwa sababu ya pumu yangu. Hapana. Safari hii naingia mimi kwenye moshi.

Mwanao,
Oliva