Kahawa ya Siku ya Mtihani wa Kisomo

Mjukuu wangu Zaina,

Marahaba. Hapa Tindiga tu wazima, mama yako kamaliza kuvuna mpunga. Unauliza kama vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu vitakusaidia kwenye mtihani.

Wakati wa ujamaa, nikiwa namnyonyesha mama yako, nilisoma kisomo cha watu wazima, maana sikujua kusoma wala kuandika. Siku ya mtihani nilikuwa hoi kwa kukesha na mtoto, nikanywa vikombe vitano vya kahawa kali. Moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka, kitabu kikanidondoka.

“Jamani, kapandwa na pepo!” wenzangu wakacheka.

Mwalimu akasema, “Ulichokosa ni usingizi, mama. Kalale, urudi kesho.”

Nikalala. Kesho yake nikasoma ukurasa mzima, vigelegele vikarindima.

Usivinywe hivyo vya kopo, mwanangu, lala. Na barua hii sikuandikiwa na mtu.

Bibi yako