Uliponiachia Besi Ukaenda Chooni

Afande,

Ssali wa dramu ameniambia habari ya choo, na tangu aniambie sijakaa sawa. Nimewahi kuandika barua kali za kila aina, kwa mawaziri, kwa maaskofu, hata kwa mhariri wangu mwenyewe. Hii ndiyo ya kwanza ninayomwandikia mtu asiyeweza kunijibu, na jambo hilo linanikera kuliko unavyoweza kufikiri. Nilizoea kugombana na watu walio hai.

Nianze na usiyoyajua. Ulifariki Jumanne asubuhi ukiwa umevaa kiatu kimoja. Mama Lamunu, mke wako, alinipigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Afande yako ameanguka. Kiatu ingine iko kwa mkono." Nikadhani ananisimulia kituko chako kingine na nikacheka, Afande. Nilicheka kwenye simu, kwa sauti, mpaka nikasikia kilio cha majirani nyuma yake. Tangu siku ile kicheko changu kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Tulikuzika kwenu Kitgum. Wafula alilibeba gita lako la besi mapajani njia nzima, akakataa lisiwekwe kwenye buti la basi. Unamjua Wafula: siku sita anauza misumari na mabati Nakivubo kama Mkenya yeyote mwenye akili ya biashara, siku ya saba anakuwa kiongozi wa bendi na mtu wa hisia. Ssali alikaa kando yake, tukavuka mto. Kisha akasema, "Sasa mguu yangu itasikiliza nani?" Alikuwa anasema juu ya mguu wake wa kulia, ule unaopiga dramu kubwa. Mimi nilikuwa natazama nje, natunga kichwani makala ya kushambulia kifo, nikakosa hata sentensi ya kwanza.

Sasa nifike kwenye choo.

Unakumbuka tulivyojuana. Niliandika gazetini kwamba bendi za Jumapili hapa Kampala zinapiga nyimbo zilezile kwa uvivu uleule, na kwamba mpiga besi wa ile baa ya Luzira, karibu na gereza, kwenye barabara ya kuteremka Port Bell, angeweza kubadilishwa na jenereta bila mteja kugundua. Bado naisimamia nusu ya kwanza ya maneno hayo. Wewe hukuandika majibu. Ulimtuma Wafula na ujumbe mmoja: "Mwambie huyo mama ya gazeti kuja na jenereta yake." Nikaja, kwa kuwa sijawahi kukataa ugomvi. Ukanivika mkanda wa besi shingoni mbele ya askari magereza na wake zao, ukasema, "Haya, nguruma." Noti mbili tu ulinipa. Nilishindwa kuziweka mahali pake hata mara moja. Watu walicheka mpaka wakashika meza, na mimi, mwanamke wa umri wangu, binti wa sajini, msomi, nikarudi nyumbani nikiwa nimeshikwa na kitu ambacho vitabu vyote nilivyosoma havikunipa.

Ndipo nikaanza kuja kwako Nakawa. Ulinikalisha kwenye veranda, ukanipa mstari mmoja wa noti nne, nikaupiga mwezi mzima. Nilipochoka nikaongeza pambo kidogo, uliweka kikombe chini, ukaitazama besi, wala hukunitazama mimi, ukauliza, "Wewe, nani amekuita?" Ulikuwa unaiuliza ile noti. Mjane wako anasema askari wastaafu wana wazimu, na wale wa bendi ya polisi kama wewe wamezidi. Nilikubali wazimu wako. Kitu nilichoshindwa kukubali ni neno lako moja: bado.

Nilidai kipimo, Afande, na sikuwa na makosa kudai. Maisha yangu yote nimewaandama watu waliojipitisha wenyewe: mchungaji aliyejipa utume, mbunge aliyekuwa mtaalamu wa uchumi baada ya semina moja, kijana aliyesoma nusu ya kitabu akafungua chuo. Nchi inaumwa na watu wa namna hiyo. Sasa mimi ningejipitishaje? Nikakuambia, niwekee nyimbo kumi, nizipige, hesabu makosa yangu, unipe jibu kama mtu mzima. Ukasema, "Bado kidogo." Nikauliza, kidogo ya mwaka gani? Ukasema, "Ya hapa karibu," ukaniongezea chai. Niligonga meza. Nilikuita dikteta. Ulinipitishia sukari.

Na Jumapili ukawa unaniita niketi karibu na spika, nitazame. Kisha ikaanza ile tabia. Katikati ya alasiri ulikuwa unavua mkanda na kunivika mimi. "Mama ya gazeti, shika hii kitu kidogo. Mimi naenda choo." Ukapotea wimbo mmoja. Nilipiga nikiwa nimewapa wateja mgongo, macho kwenye mguu wa Ssali, jasho linanitiririka hadi kiunoni, nikiomba urudi haraka. Ukarudi, ukachukua besi yako, ukasema, "Asante, kiti haikupoa." Hukusema nimepiga vizuri. Hukusema nimepiga vibaya. Jumapili zilivyokwenda wimbo mmoja ukawa nyimbo mbili, ikawa kipindi kizima. Nikamwambia Mama Lamunu akupeleke hospitali, tezi za wazee hazichezewi. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akasema atakupeleka.

Ulipofariki, Wafula alinipigia, akaniambia Jumapili tunapiga. Nikamjibu tafuta mpiga besi. Nikamwambia nitamtafuta mimi, kwa kuwa heshima yako haikustahili kuachiwa mwanafunzi. Nikampata kweli: bwana mmoja mpole mwenye diploma ya muziki, anafundisha shuleni, ana besi ya nyuzi tano. Nikampeleka Luzira mchana, kabla ya wateja. Alipiga kwa uzuri wa kutisha. Vidole vyake vilikuwa kila mahali. Mimi nilisimama pale nimefunga mikono, nimeridhika na ukali wangu mwenyewe, kwamba angalau mtu mmoja katika nchi hii amekataa cheo asichostahili.

Ssali akaweka vijiti chini. Akasema kwa adabu, "Ssebo, wewe unapiga mzuri kabisa. Lakini mimi sikujui." Kisha akanigeukia. "Mama, unasumbua mutu wa watu bure. Kwa nini? Wewe ndiye unapiga hapa."

Nikamwambia nimekuwa nashika tu, mzee akienda chooni.

Wafula akaanza kucheka, akaacha. Ssali akaniuliza polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "Wewe unadhania muzee alikuwa na kibofu mbaya?"

Akanipeleka nyuma ya jiko. Kulikuwa na kreti ya soda imegeuzwa chini juu, na juu yake gunia limekunjwa likawa mto. Mpishi akasema, "Kiti ya Afande." Hapo ndipo ulipokuwa. Kila Jumapili, miaka hii miwili, ulikuwa umekaa hapo na sahani ya mihogo, ukuta mmoja tu kutoka niliposimama, unasikiliza. Ssali alijua. Wafula alijua. Mpishi alijua. Wateja waliokuwa wanakwenda chooni kweli walikuwa wanakupita na kukusalimia. Kampala nzima iliyo na mkojo ilijua kwamba mimi ndiye mpiga besi wa bendi ile, isipokuwa mimi.

Nilikaa kwenye hiyo kreti. Yule bwana wa diploma aliniletea maji, nikayamwaga yote kwenye gauni.

Kama mambo yangeishia hapo ningekusamehe kwa kishindo. Lakini mimi siachi kitu kikiwa nusu, nikaenda Nakawa kumhoji mjane wako. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza kwa nini wewe mume wake ulinifanyia hivi. Akasema bila kuinua macho, "Mkono yake ya kushoto ilikuwa inalala. Alikuwa anaficha kwa mfuko. Daktari alimwambia asisimame sana, aache hiyo kazi." Nikauliza, na juu yangu alikuwa anasema nini? Akatupa kijiwe kimoja. "Alikuwa anasema wewe unapenda kugombana."

Basi, Afande. Niambie nifanye nini na hilo.

Kwa saa nzima nilikuwa na hukumu yako, ile niliyoidai mpaka nikagonga meza: ulinisikiliza kupitia ukuta, ukaridhika, ukaendelea kula mihogo. Kisha mkono wako ukaja ukaninyang'anya. Huenda hukuniachia besi kwa kuwa ninaweza. Huenda uliniachia kwa kuwa wewe huwezi, na mimi nilikuwa karibu. Nimeyapigania haya mawili chumbani kwangu kama ninavyopigana gazetini. Nikasema, kama ni mkono tu, angemwita mtu wa diploma, anaishi barabara ya pili kutoka kwake. Nikajijibu, mwanamume mwenye kiburi hamwiti mwenye diploma kushuhudia mkono wake ukifa. Anamwita mwanafunzi ambaye hataelewa. Nikasema, lakini aliipenda bendi ile kuliko pensheni yake, asingeiachia mtu wa kuivunja. Nikajijibu, wazee wagonjwa wameachia mikono ya hovyo vitu vikubwa kuliko bendi, tazama bara hili. Sijashinda upande wowote. Ni mara ya kwanza nashindwa mdahalo ambao pande zote mbili ni mimi.

Na hukuniambia unaumwa. Hilo nimeliweka mwisho wa mashtaka yangu. Tulikunywa chai yote ile. Nilikuita dikteta, na mkono wako ulikuwa mfukoni.

Jumapili iliyofuata nilikwenda. Yule bwana alikuwa ameshukuru na kukataa, Wafula hakuwa na mwingine, na watu walikuwa wameshakaa. Safari hii nilijua kwamba hakuna anayerudi kuuchukua mkanda ule. Nilipiga kama mtu anayetembea juu ya mayai. Wimbo wa kwanza ulipita. Wa pili ulikuwa ule wako, wa yule mwanamke anayengoja barua kutoka Juba, ambao Wafula anauimba ubeti kwa ubeti, taratibu, mpaka mwisho ndipo tunageuka na kuingia sebene, ile sehemu ya kasi, ili watu wainuke wacheze. Mawazo yangu yalikuwa kwako. Katikati ya ubeti wa tatu, mwanamke bado hajapata barua yake, kidole changu kikageuka. Niliingia sebene kabla ya wakati.

Nilijua palepale. Nikangoja yale niliyoyastahili: Wafula kunitazama, dramu kubaki kule nyuma peke yake, wimbo kupasuka vipande viwili mbele ya wajane na askari.

Haukupasuka. Mguu wa Ssali uligeuka pamoja nami, hapohapo, bila nafasi ya unywele. Wafula akayameza maneno yaliyokuwa mdomoni na gita lake likaruka juu. Askari magereza mmoja, mnene, mwenye shati jeupe, aliyekuwa ameshika chupa, aliiweka chini haraka akamvuta mkewe. Ukumbi ukasimama. Nimeandika miaka yote hii na hakuna waziri hata mmoja aliyesogea kiti chake kwa ajili ya neno langu. Kidole kimoja kikakosea, na watu wote wale wakageuka kukifuata.

Baadaye niliomba radhi. Nikasema lilikuwa kosa. Wafula alikuwa anafuta nyuzi za gita, akasema, "Kosa? Sisi tulidhani umechoka kumngoja huyo mwanamke." Ssali akasema, "Besi ikigeuka, tunageuka. Mimi nitaanza kukuuliza?" Akaenda zake kununua chapati.

Nilibaki nimesimama, na sijui kama nimewahi kuogopa vile. Nilikuwa nimetafuta mtu wa kuniambia kwamba sikosei. Watu hawa hawakuwa na haja na hilo. Walikuwa tayari kukosea pamoja nami. Hakuna aliyenionya, Afande. Wewe ulilijua jambo hili maisha yako yote, ukakaa nalo kimya, ukiwa na watu wawili nyuma ya kila kidole chako.

Kwa hiyo sitakuuliza tena. Kama uliniona naweza, au mkono wako ulikulazimisha, hiyo imezikwa nawe Kitgum na nimeiachia udongo. Ninachokuahidi ni hiki: Jumapili nitakuwepo. Nikiumwa nitawaambia usoni, wapate muda wa kukasirika nami nikingali hai. Nitapiga noti zilizoitwa. Na mdomo wangu hautapungua, wala usitegemee hilo.

Jambo moja la mwisho, kisha nikuache. Nilimwambia Wafula turudishe ubeti wa tatu kama ulivyokuwa. Amekataa. Anasema watu wameshazoea, juzi askari yule alimwinua mkewe kabla hata sijafika pale. Basi sasa ndivyo tunavyoupiga. Pumzika, Afande wangu, viatu vyote viwili miguuni. Ukisikia huko ulipo wimbo wako umekatwa katikati, usiinuke kuja kuurekebisha. Aliyeukata ndiye mpiga besi.

Wako,
Adong