Nipe Nguo Zangu, Nikupe Uso Wangu

Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi, na hata sasa magharibi inapoingia hapa Temeke kichwa bado kinachemka. Lakini si jua hilo. Nina hasira, shajara yangu, na leo sitaki kuambiwa "tulia, Mwamvita."

Lile jumba la makumbusho linalojengwa mjini nilishakusimulia: matao kama ya msikiti wetu, kuba juu, milango ya nakshi iliyochongwa na mafundi wa pwani. Juu ya mlango mkubwa zitawekwa sanamu, na bibi wa Kizungu anayezifinyanga alinichagua mie niwe mwanamke mwenye mtungi. Siku zote nimekaa mbele yake na kanga zangu mbili, nimejistiri vizuri, na sanamu yenyewe sikupata kuiona. Kila tukimaliza, anaifunika sanamu kwa kitambaa kibichi. Nami, mjinga wa watu, nikadhani ananistiri wanaume wasinichungulie! Nikamsifu hata kwa mama, Mzungu yule ana adabu.

Kumbe anazuia udongo usikauke.

Leo kaifunua mbele yangu. Uso bado, kichwa ni bonge tu. Lakini kifua, Mungu wangu, kifua kiko wazi! Kanga zote kazivua, kaniachia kijitambaa cha kiunoni. Mie ambaye hata mama mkwe hajaniona kichwa wazi!

Nikauliza kulikoni. Juma, mpishi wake, akatutafsiria: bibi anasema ndivyo Waafrika wa zamani walivyokuwa, na hii ni sanaa.

Nikaigeukia sanamu ya bwana mkubwa wao wa Kizungu, iliyokwisha kukamilika, ya kukaa upande wa pili wa mlango. Koti lina vifungo vyote, hata kamba za viatu zinaonekana. "Mwambie basi yule avue koti kwanza," nikasema. Juma akaogopa kutafsiri. Nikaonyesha kwa mikono mwenyewe, kifungo kimoja kimoja, na bibi akawa mwekundu.

Mama ameshatangaza mtaa mzima. Siku ya ufunguzi atakwenda na majirani, kanga mpya na vigelegele, kumtazama bintiye ukutani. Akute nini? Aibu hiyo haifutiki kwa chokaa.

Bibi akanipa kiti, anataka kuanza uso. Sikukaa. Nikajifunika kanga gubigubi, nikamwambia polepole kwa Kiswahili kidogo anachokijua, "Nipe nguo zangu, nikupe uso wangu." Nikatoka.

Usidhani siogopi. Kesho anaweza kumwita mwingine, na mie nilitaka sana kuwa pale juu. Nilitaka wajukuu waje waninyooshee kidole waseme yule ni bibi yetu. Nimelia njiani, sikufichi.

Lakini sirudi nyuma. Kesho nakwenda na kanga zile zile. Akinivika, nitakaa. Asiponivika, wafungue jumba lao zuri na mwanamke asiye na kichwa, na watu wakiuliza kichwa chake kiko wapi, wajibiwe.

Kiko Temeke, kimejitanda kanga.