Nguo ya Kumzika Shosho

Jumatatu, 7 Aprili

Maharagwe ya kuuza iko jikoni tangu saa kumi na moja. Chumvi imeisha. Mama mkwe, mama ya mzee wangu, tunamzika Jumamosi. Shemeji mkubwa, kaka ya mzee wangu, amepiga simu. Hakusalimia. "Huyo kijana wako ambaye ni msichana, aje na rinda ama asije kabisa." Akacheka. Nikacheka pia. Kwa nini nilicheka? Nimechukia hicho kicheko siku nzima.

Jumatano, 9 Aprili

Ciru wangu ndiye ako na jina ya shosho, huyo nyanya yake tunayemzika. Ni msichana wa kwanza, ilikuwa lazima. Mzee wangu humwita maitu, yaani mama yake. Kwao, mwenye jina ndiye hurusha mchanga kaburini kabla ya wajukuu wengine.

Shosho hakujali long'i, hizo suruali za Ciru. Alikuwa anamwita amtengenezee redio. Sasa hayuko wa kumtetea.

Nimenunua rinda ya mtumba. Bluu, mikono mirefu. Naogopa kumwonyesha.

Ijumaa, 11 Aprili

Ciru amefika kutoka Gatongora. Anatengeneza pikipiki huko. Miaka ishirini na tatu, nywele amenyoa kama askari. Amenibeba juu hapa jikoni nikapiga nduru. Nampenda huyu mtoto mpaka naumwa.

Nikamwonyesha rinda. Akaishika polepole. "Mum, ni poa. Lakini hiyo ni ya mtu mwingine." Amepiga pasi long'i nyeusi.

Watasema ni mimi sikumfunza. Baba yake hawatamtaja.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi akioga nilichukua hiyo long'i, na zile mbili za kazi, nikazamisha zote kwa beseni ya sabuni. Nilidhani atakosa ya kuvaa, achukue rinda.

 Akatoa ile nyeusi, akaikamua, akaivaa. Maji ikashuka mpaka kwa viatu.

Huko kaburini shemeji akamwangalia. "Kijana amejikojolea?" Watu wakacheka. Kwa mazishi! Mzee wangu akaangalia chini.

Mwenye jina akaitwa. Ciru akapiga hatua, shemeji akamzuia na mkono. Mchanga akapewa binti yake shemeji, hata hana jina ya shosho. Lakini ako na rinda.

Ciru akaniangalia mimi. Sio baba yake. Mimi.

Nikaanzisha wimbo. Nikaimba kwa nguvu, wamama wakaitikia. Nilipomaliza hakuwa hapo.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani wamama wamenishika mkono. Pole, Mungu atambadilisha. Pole ya nini? Nilitaka kuwatemea mate. Nikasema amina. Hakuna aliyeuliza kama alifika salama.

Jumanne, 15 Aprili

Simu hashiki. Sijakula vizuri. Mzee anasema atazoea. Yeye ndiye amezoea.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeenda Gatongora. Nilimpata amechuchumaa, mafuta mpaka kwa viwiko. Amekonda. Akapangusa kiti nikakaa. Akaninunulia chai, sukari mingi vile napenda.

Nikamwambia ni mimi nilikosea. Sikulaumu shemeji, sikulaumu mila. Beseni nilijaza mimi, na wimbo nilianzisha mimi.

Akasikiza mpaka mwisho. Akasema, "Ni sawa, Mama Ciru."

Hivyo ndivyo majirani huniita, si yeye.

Kisha akarudi kwa pikipiki yake. Nimekaa pale mpaka chai ikapoa, nikimwangalia akifanya kazi. Anajua kazi.