Jiko Kubwa Lililokwenda Kihesa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, Soweto, Mbeya. Jumapili, tarehe 13/7/2025, saa 2:40 asubuhi.

Jina: Yotamu Anyosisye Mwasomola. Umri: miaka 73. Kabila: Mnyakyusa. Dini: Mkristo, Moraviani. Elimu: darasa la nne, lile la zamani. Kazi: zamani nilikuwa nachinja nguruwe, siku hizi naonja. Makazi: Soweto, Mbeya.

Afande Eveline ameniuliza kama hilo la kuonja aliandike. Nimemwambia andika, mwanangu, ila andika haraka. Sikuja hapa kumshitaki mwizi wa kuku. Kuna mama yuko Iringa, anaitwa Veneranda, leo ana sherehe nyumbani kwake. Jiko atakalopikia lina sumu na yeye hajui. Mengine yote ninayoyasema ni ya kuwafikisha ninyi kwake.

Mnamo tarehe 5/7/2025, siku ya Jumamosi, majira ya saa nne asubuhi, nilifuatana na Yusta kwenda kwa Jofrey. Yusta ni binti wa marehemu mdogo wangu, ana kibanda cha kitimoto hapa hapa Soweto. Jofrey ni dalali wa vitu vilivyotumika, uwanja wake uko nyuma ya gereji. Alikuwa ameleta majiko mawili kutoka Makongolosi, kwenye kambi ya wachimba dhahabu iliyofungwa. Ni majiko ya kupikia nje na kukaushia nyama kwa moshi, yanakula pelleti. Pelleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa mpaka likawa vipande kama chakula cha sungura, Mafinga zipo tele. Unazijaza kwenye sanduku la ubavuni, skrubu ya umeme inazisukuma motoni kidogo kidogo, feni inapuliza, na wewe unakaa.

Jofrey alikuwa anayasifia hivi: "Unachagua joto hapa, unafunga mfuniko, unakwenda zako kanisani. Ukirudi nyama inakusubiri."

Nikamwambia, "Jofrey, jiko linalopika lenyewe hilo ni mke wa pili. Linakula bila kusema."

Jiko dogo lilikuwa na kioo cha namba na miguu ya kukunja. Kubwa lilikuwa na bomba la moshi na mfuniko mpana, mtu mzima angeweza kulala humo akajifunika. Hilo nililisema kwa mzaha siku ile. Leo silipendi neno hilo.

Tulimkuta pale mama mmoja mnene, amevaa kitenge cha kijani, ana pengo la mbele na kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Nikajua ni wa Iringa kwa lafudhi. Nikamwamkia, "Kamwene." Akaitikia, "Kamwene, babu." Hilo "babu" liliniuma, nalisema ili mjue nilianza na kinyongo. Akasema yeye ni Veneranda wa Kihesa, kule Iringa, amekuja Mbeya kumsalimia dada yake, na anatafuta jiko kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wake Jackline, Jumapili hii ya leo.

Wanawake wale wawili walilitaka jiko moja, lile dogo. Yusta alisema dogo linaingia jikoni kwake na halimalizi pelleti. Veneranda alisema dogo halimsumbui kubeba. Wakavutana kidogo kwa adabu, kama watu waliokutana mlangoni.

Nikaingilia. Nikamwambia, "Mama, kipaimara kizima na kajiko ka kuku wawili? Wageni watakula kwa zamu kama wanakunywa dawa. Mwili wako na hilo kubwa mnaendana."

Akacheka, akanipiga begani. Akasema, "Babu huyu ana kichaa. Haya, nipeni hilo kubwa." Akaongeza kwamba ataliweka ndani ya ukumbi wa nyuma na kufunga milango, maana upepo wa Kihesa mwezi huu wa saba hauachi moto ukakaa. Jofrey alisikia. Akaendelea kufunga kamba.

Kabla hajaondoka nilimwomba namba ya simu. Yusta akasema, "Baba mkubwa, jamani, aibu." Nikasema nauliza ili nijue nyama ilivyotoka. Veneranda akanitajia namba bila kusita, nikaiandika kwenye simu. Jiko likapakiwa kwenye lori la mbao linalorudi Iringa, na yeye akapanda mbele na dereva.

Siku iliyofuata, Jumapili mchana, Yusta alisafisha jiko lake. Ndani ya mfuniko kulikuwa na ukoko wa kijivu. Alipoukwangua, vitone vya kung'aa vilidondoka kwenye sinia la mafuta, vikakimbizana na kuungana. Nikamwambia, "Jiko lako linatoa machozi ya fedha, tajiri wewe." Akavikusanya kwa kiganja akavitupa nje. Kisha akaliwasha ndani, akafunga mlango kwa ajili ya baridi.

Alipikia humo siku zote hizo. Kila mara akifunua mfuniko uso wake uko juu ya ule mvuke. Jumanne alianza kukohoa. Wateja walilalamika nyama ina ladha ya msumari. Mimi nilikula, sikulalamika, kwa sababu ya bure hailalamikiwi. Jumatano alisema mdomo unamuwaka na fizi zinatoa damu. Alhamisi tarehe 10/7/2025, saa sita mchana, nilimkuta amekaa sakafuni, ameegemea mfuko wa pelleti, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya kupitia kitambaa. Nilimwita, akaniangalia kama mtu asiyenijua. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji.

Mpaka sasa yuko kwenye oksijeni. Jana asubuhi daktari aliniuliza, "Mzee, huyu mgonjwa anachoma dhahabu?" Nikasema anachoma nguruwe. Hakucheka. Akasema wagonjwa wenye dalili hizi huletwa kutoka machimboni, wakishavuta moshi wa zebaki. Akaniuliza vyombo anavyopikia vimetoka wapi. Hapo ndipo nilipoyakumbuka yale machozi ya fedha.

Nilitoka pale moja kwa moja kwa Jofrey. Nilimkuta anafungasha. Nikamwuliza, hakubisha. Alisema wale wachimbaji walikuwa wanachomea humo dhahabu iliyoshikana na zebaki. Mfuniko unazuia watu wasione, feni inasawazisha moto. Nikasema, "Yusta anakufa." Akasema, "Mzee, hilo la Yusta walilijaribu mara chache tu, likawashinda. Kazi yote waliifanyia kwenye lile kubwa."

Nikamwambia anipe namba ya yule mama. Akaniangalia. Akasema, "Sina. Si alikupa wewe?"

Nilipiga ile namba nikiwa nimesimama palepale. Ilipokelewa na mwanaume. Nikamwomba Veneranda. Akasema yeye ni Mihayo, yuko Rujewa, ananywesha ng'ombe. Akasema, "Huyo mama simjui, mzee wangu. Ila wazee wanaomtafuta nawajua, mnanipigia kila mwezi." Akakata. Nilipogeuka Jofrey alishaondoka, na simu yake haipatikani tangu jana mchana.

Kutwa nzima ya jana nilizunguka Soweto kumtafuta yule dada yake Veneranda. Sikuuliza jina lake siku ile. Niliuliza mengine.

Afande, simlaumu Veneranda. Mwanamke mwenye akili zake asimpe namba mzee kama mimi, na mama yangu angempongeza. Lakini sasa hivi misa ya kwanza imeshatoka. Ataliwasha ndani na kufunga milango, na atakuwa anafunua mfuniko kila mara kuangalia nyama, maana anapenda watu wale vizuri, nilimwona. Huenda Jackline yuko pembeni anamshikia sahani. Tafuteni kitenge cha kijani, ingawa leo atakuwa amevaa kipya. Tafuteni pengo na kicheko. Na mkimpata msimwambie mmetumwa na mzee Yotamu wa Mbeya. Hatafungua mlango.

Hayo ndiyo niliyonayo. Nimesomewa, nimeyakubali, na mzaha uliomo ni wangu, si wa afande.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba)

MAELEZO YA MWANDISHI: Nimeyaandika mimi, Koplo Eveline, kama alivyoyasema. Shahidi anajua kuandika, lakini ameshindwa kushika kalamu kwa sababu mkono unatetemeka. Nimemtaka aende hospitali, amekataa kuondoka kituoni mpaka apate jibu. Saa 3:25 asubuhi nimepiga simu polisi Iringa. Wamesema leo ni kipaimara cha parokia nzima, Kihesa karibu kila ua una jiko linawaka. Wameuliza: Veneranda yupi?