Makufuli Kwenye Tezi ya Dada Zuhura

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na Kariakoo yote ni tope. Wateja wenyewe wako wapi? Nimefunga duka mapema nikakimbilia hapa intaneti kafe, viatu mkononi. Nisipoandika leo nitapasuka.

Kesho asubuhi Dada Zuhura anafanyiwa upasuaji.

Kwa asiyemjua, ni dada yangu mkubwa, na ndiye mdomo wa duka letu la vitenge. Tangu enzi za ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa na Mama akaanza yake, Zuhura ndiye anayesimama mlangoni kuita wateja. Anatania, anacheka, na mtu aliyekuwa anapita zake kununua dagaa anajikuta amebeba kitenge. Mimi nakaa ndani nakata vitambaa. Sina mdomo huo.

Mwaka jana akaota uvimbe chini ya sikio. Mama akasema matubwitubwi. Mtu mzima na matubwitubwi! Basi akapakwa masizi ya sufuria shavuni, kama tulivyopakwa utotoni, akasimama nayo mlangoni kutwa nzima. Mtaa ukamcheka, yeye akacheka kuwazidi. Uvimbe haukuwa unauma, ndiyo maana hatukushtuka. Ukazidi kukua. Majibu ya kipimo yalipotoka, ni kansa ya tezi ya mate. Mate haya haya tunayomeza, jamani.

Leo asubuhi, kabla sijafungua duka, daktari alituita wodini. Kijana mpole, akamwamkia Mama kwanza, ndipo akaeleza: uvimbe ukishatolewa, anaomba kipande kwa ajili ya utafiti chuoni kwao. Mama akaruka.

"Mwanangu, kiungo cha mtu kinazikwa. Hakitembezwi kwenye machupa!"

Mimi nikauliza kinachoninyima usingizi: hii kitu ni ya ukoo? Maana mimi na Zuhura tumenyonya ziwa moja.

Akasema kwa kawaida siyo. Kila chembe ya mwili ina vinasaba, ndiyo maelekezo yake ya kazi, na mengine kazi yake ni kuiambia chembe iache kuzaliana. Kwenye uvimbe kama huu, mara nyingine maelekezo hayo ni mazima kabisa, ila yamebandikwa vialama vya kemikali viitwavyo methili, vikazidi mno, yakawa hayasomeki tena.

"Ni kama duka lenu," akasema. "Mzigo wote umo ndani, ila mlango umepigwa kufuli."

Nani kapiga kufuli? Hajui. Ndiyo maana anataka kipande, aone ni milango ipi iliyofungwa. Hakutudanganya kwamba utafiti huo utamsaidia Zuhura kesho. Akaongeza lile nililoomba asiliseme: mshipa unaoendesha uso unapita ndani ya tezi hiyo hiyo. Shavu na mdomo vinaweza kulegea upande mmoja. Huenda vikarudi, huenda visirudi.



Zuhura akamgeukia Mama. "Mama, mimi niliishia darasa la saba. Acha basi uvimbe wangu ufike chuo kikuu. Kitakachobaki, mkizike."

Mama alijikaza, akashindwa, akacheka huku machozi yanamtoka. Daktari naye hoi. Zuhura akaangua kile kicheko chake cha mlangoni, mashavu yote mawili juu, pengo lote nje.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mdomo.

Njia nzima kutoka hospitali nilikuwa naomba: Ee Mungu, apone tu, mdomo si kitu. Uongo mtupu. Nautaka na mdomo. Nataka Zuhura mzima, na kelele zake zote.

Tulipoagana alinishika mkono, akanipa amri kama kawaida yake: Jumamosi duka lifunguliwe, na mimi nisimame mlangoni niite wateja, kisha nikampe habari. Eti akisikia nilivyojiaibisha atacheka, hata kama ni kwa nusu mdomo.

Nimejaribu kuita sasa hivi, hapa kwenye kiti. Jirani wa kompyuta ya pili amegeuka kuniangalia, na sauti yenyewe haikutoka hata robo.

Jumamosi itatoka.